Maji ya Ubao Hayamwagwi Njiani

Jumamosi moja naikumbuka, mwanangu, mpaka harufu yake ya masizi. Imenirudia jana nilipokuona umekaa kizingitini, sare za wanao mapajani, umenuna kama mtu aliyeambiwa ashone tanga la jahazi. Kaptula ya huyu imekuwa fupi, daftari la yule limeliwa na mbuzi, na yule mdogo hataki kabisa kuvaa viatu. Ukaniambia, "Bibi, shule zikifunguliwa naona ninayeadhibiwa ni mimi." Nikacheka, nawe ukanuna zaidi. Basi sogea hapa, na hiyo sindano usiiweke chini, endelea kushona huku unanisikiliza.

Najua mzee akikohoa kijana hungojea methali. Nitazitia, lakini nakuonya mapema: nyingi nimezijaribu mwenyewe, na baadhi yake zinavuja.

Ilikuwa wakati wa vita vya Maji Maji. Nilikuwa mama kijana, naishi bondeni kwenye mashamba ya mpunga, mwendo wa asubuhi moja kufika Mohoro. Mume wangu alikuwa mbali huko mikokoni, mto unakoingia baharini, akikata boriti. Nyumbani nilikuwa na mavyaa yangu, mama mzazi wa mume wangu, tukimwita Bi Zena, pamoja na watoto wetu watatu. Salumu ndiye mkubwa, mrefu na mpole, mtoto wa kufikiri kabla ya kusema, na mara nyingi akishamaliza kufikiri mazungumzo yameshakwisha. Shabani alimfuata, mdomo usiopoa. Wa mwisho ni binti yangu Tatu, ambaye alikuwa bado hajaanza chuo.

Wavulana walikuwa wakisoma chuo cha Kurani pale Mohoro, wakilala kwa shangazi yao, Alhamisi wanarudi nyumbani. Vita vilipoanza mwalimu alifunga chuo ghafla. Wakaja mbio, mbao zao kwapani, somo la siku ile likiwa bado limeandikwa juu yake. Tukakaa. Moshi wa kule vilimani kwa Wamatumbi tuliuona kwa macho yetu. Majirani waliopanda mto kwenda kuchukua dawa ya maji, ile iliyosemwa inageuza risasi kuwa maji, wengine hatukuwaona tena. Usije ukadhani tulikuwa tukicheka siku zote kwa sababu leo nakuchekesha. Lakini mwanadamu hawezi kuogopa kuanzia alfajiri mpaka usiku, mkono wa kuogopa nao huchoka.

Ndipo siku moja ikaja habari: upande wa Mohoro kumetulia, mwalimu anafungua chuo Jumamosi, kila mwanafunzi aje na ubao safi.

Mwanangu, nilifurahi kama mimi ndiye niliyeitwa! Miezi yote ile nilikuwa nawaamkia watoto kuwauliza nani yuko hai. Sasa nikawaamkia kuwauliza kalamu ziko wapi. Nilikwangua masizi chini ya vyungu vyetu, vikaisha, nikaenda kukwangua vya majirani, mpaka jirani mmoja akaniuliza kama siku hizi tunakula masizi. Tukayasaga, tukayachanganya na utomvu wa mti, tukapata wino. Tukakata matete mtoni kwa ajili ya kalamu, Shabani akiyachonga na Salumu akifikiri. Nikashona kanzu mbili za kitambaa cha marekani. Tatu, ambaye safari hii naye alikuwa anaanza chuo, nikampasulia kanga yangu, akaivaa akawa anaitembeza uwanjani, anamwonyesha hata kuku.

Ubao wake niliuchonga mwenyewe kwa tezo, kutoka ubavu wa mtumbwi wetu uliovunjwa na kiboko. Haukuwa umenyooka. Shabani akautazama akasema, "Wako huo, Tatu, mvua ikinyesha utaelea."

"Na wewe utakuwa unazama na wa kwako," Tatu akamjibu. Nikaona huyu chuo kitamfaa.

Jioni tulikaa barazani tukifanya mazoezi. Shabani alikuwa na kilema kimoja kwenye herufi: alikuwa akiruka jimu. "Alifu, be, te, the, he..." Siku zote. Mwalimu alikuwa amemchapa kwa ajili ya jimu mpaka mwenyewe akachoka. Nami nikamwambia, "Shabani, jimu imekukosea nini?" Akasema, "Mama, nikifika pale nakuwa na haraka." Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Ni kweli, ila mtu anayefukuzwa na kiboko usimwimbie.

Sasa njoo kwenye mbao. Lile somo la zamani ilibidi lioshwe, kisha ubao upakwe upya udongo mweupe. Na maji ya kuoshea ubao, mwanangu, hayakuwa maji ya kumwaga ovyo. Ndani yake mna maneno ya Mungu. Hayamwagwi njiani mahali pa kukanyagwa. Pale chuoni palikuwa na kishimo safi nyuma ya nyumba, ndiko yalikomwagwa. Salumu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema: "Mama, tuyatie kwenye kibuyu twende nayo chuoni."

Nami nilikuwa mtu wa maswali tangu tumboni. Nikamwuliza Bi Zena, "Mama, kwa nini tusiyamwage mtoni? Maji kwa maji."

"Mtoni mna mamba," akasema. "Mamba hana udhu."

"Na samaki?"

"Samaki hatoki majini. Yumo udhuni siku zote."

"Sasa mamba akimla samaki..."

"Mke wa mwanangu," akasema, "songa ugali."

Nikasonga. Maji yakatiwa kwenye kibuyu, meusi tii. Kibuyu akapewa Tatu. Ndugu zake walisema wao elimu yao wanayo kichwani, basi yeye asiye nayo aibebe hii ya kwenye kibuyu.

Asubuhi ya Jumamosi ile tukapaka mbao udongo mweupe. Watoto watatu na udongo, unajua mwenyewe: mbao zilipata kidogo, nyuso zikapata zaidi. Kalamu zisipotee nikazitia kwenye vipande vifupi vya mwanzi, nikavifunga kamba, kila mvulana nikamvika chake shingoni. Nikajiona nina akili sana. Kanzu nikazikunja fumbani mwa mkeka, zisichafuke, watavaa tukifika mlangoni kwa mwalimu. Kwa njiani wavulana wakabaki na vitambaa kiunoni. Zawadi ya mke wa mwalimu ilikuwa mtama wa mavuno yetu, mashuke mazima. Kwa kuwa mikono ya wavulana ilijaa, nikawafunga mashuke kichwani kwa kamba ya ukindu.

Bi Zena alikuwa juu ya dungu, akiwafukuza ndege. Akatutazama tukipanga mstari kuondoka. Akashuka ngazi, na yeye hakuwa mtu wa kushuka dungu kwa jambo dogo.

"Wavishe kanzu," akasema.

"Zitachafuka, mama."

"Kanzu hushonwa ivaliwe. Na hicho kibuyu kiache."

"Kwa nini?"

"Juma lililopita yule mzee wa ng'ambo ya mto amekamatwa njia hiyohiyo. Alibeba kibuyu cha dawa ya homa ya mjukuu wake. Hajarudi."

"Lakini yule ni mganga, mama. Sisi tunakwenda chuoni. Nani asiyejua watoto wa chuo?"

Akasema neno moja tu, "Haya." Mwanangu, mzee akikwambia "haya" kwa sauti ile, rudi ndani ukakae. Mimi sikurudi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Miguu yangu nimewahi kuvunja mmoja tu, na siku hiyo nilikuwa nimemtii mkuu aliyenituma kuangua nazi. Kwa hiyo methali hiyo sikuwa naiheshimu sana.

Tukaenda tukiimba. Tulipokaribia Mohoro, kwenye njia panda, tukawakuta askari wa serikali ya Kijerumani. Mmoja kijana, bunduki mkononi. Mwingine mtu mzima mwenye cheo, shaushi wao, Msudani, ameketi pembeni juu ya gogo anakula muhogo wa kuchoma.

Yule kijana akatuona. Nikamwona anavyotuona, na hapo ndipo na mimi, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, nikawatazama watoto wangu. Vifua wazi. Nyuso nyeupe kwa udongo. Mashuke ya mtama kichwani, vipande vya mwanzi shingoni. Na nyuma yao kibuyu, kimekumbatiwa kwa mikono miwili. Ndivyo hasa walivyojipamba wale waliokuwa wakitoka vilimani kwenda vitani. Nilikuwa nimewaandaa wanangu kwa chuo, wakatoka jeshi kamili, na jemadari wao mimi.

"Simama!" akapiga kelele. "Weka chini hicho!"

"Hakiwekwi chini," Tatu akasema.

"Nini?"

"Maji yake hayaruhusiwi kumwagika. Ni dhambi."

Bunduki ikapanda. "Maji gani haya?"

"Maji ya maneno," Shabani akadakia.

"Maneno ya nani?"

"Ya mwalimu wetu."

"Na huyo mwalimu anasema maji haya yanafanya nini?"

"Ukiyanywa unakuwa hodari," Shabani akasema. Alitaka kusema hodari wa kusoma, lakini yule askari hakungoja asikie hodari wa nini.

Mwanangu, wako watu hufungwa kwa ushahidi wa maadui zao. Mimi nilikuwa naelekea kunyongwa kwa ushahidi wa watoto wangu, na kila neno walilosema lilikuwa kweli.

Nikasema, "Bwana, hawa ni watoto wa chuo." Akamshika Salumu shingoni, akautikisa ule mwanzi. Zikaanguka kalamu: vijiti vilivyochongwa ncha, vyeusi nchani. "Na hii mishale ya sumu ni ya kusomea?" Nikamwonyesha kanzu, nikidhani nimeokoka. "Aa," akasema, "na nguo za kujificha mnazo." Nikamwonyesha mbao. Lakini mbao tulikuwa tumeshaziosha! Nyeupe pe, hazina hata nukta. Ushahidi wote kwamba wanangu ni wanafunzi ulikuwa ndani ya kibuyu, umekorogeka, hausomeki. Yule kijana akaanza kufungua kamba kiunoni mwake. Nikamwona Tatu anaitazama ile kamba, kisha ananitazama mimi. Hapo sikuwa na swali lolote, wala utani. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia watoto wakimbie.

Shaushi akameza muhogo wake. "Ngoja," akasema kwa kile Kiswahili chake cha kukatakata. "Watoto ya chuo? Basi wasome."

Nikamtazama Salumu, tegemeo langu. Salumu akafungua mdomo. Akafikiri. Akaufunga.

"Afandi, unaona?" kijana akasema.

"Ngoja. Huyu ndogo."

Shabani akapiga hatua mbele. Mashuke yalikuwa yamemteremka mpaka jichoni. Akavuta pumzi, akaanza kwa ule wimbo wa chuo, anayumba mbele na nyuma kama wanavyofundishwa: "Alifu! Be! Te! The!" Nami moyoni naomba, ewe Mola, leo tu, siku hii moja tu. "He!" akasema Shabani.

"Jimu!" shaushi akanguruma.

Kila mtu akaduwaa, na shaushi mwenyewe akaduwaa kuliko sote. Neno lilikuwa limemtoka kama chafya. Akasimama, makombo ya muhogo yakamwanguka kifuani. "Jimu iko wapi? Umeruka jimu! Rudi!"

"Alifu, be, te, the..." Shabani sasa alikuwa akimwogopa kwa namna anayoijua, namna ya mwalimu, na hofu ile ilimfaa. "...jimu!"

"He!" akasema shaushi.

"He!"

"Khe!"

"Khe!"

Nakwambia walikwenda pamoja mpaka mwisho, yule mtoto aliyepakaa udongo na yule mzee wa vita, wanayumba wote wawili katikati ya njia. Salumu naye akili ikamrudia, akajiunga walipofika sini. Tatu akawa anaitikia nyuma, kwa kuwa kusikiliza kaka zake kulikuwa kumeshamfundisha. Walipomaliza shaushi alifuta macho. Akasema, "Mimi, kwetu, mtoto kama hii, jimu ilinipiga! Fimbo! Mpaka leo mimi nakaa upande." Akajipiga tako kutuonyesha. Kijana akaikunja kamba yake taratibu, kama mtu anayetaka ionekane hakuwahi kuitoa.

Kisha shaushi akamwinamia Tatu. "Maji ya ubao?"

Tatu akaitikia kwa kichwa.

Akavua kofia. Akasema bismillahi, akachovya vidole kwenye mdomo wa kibuyu, akajipaka kwenye paji la uso. "Mimi sikumaliza chuo," akaniambia mimi, chini chini, kama anayeomba radhi.

"Afandi, angalia usiimwagie bunduki," yule kijana akamtania. "Itakataa kutoa risasi."

Wakacheka wawili wao. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiri juu ya yule mzee wa ng'ambo na kibuyu chake cha homa, nikajiuliza kama yeye aliwahi kupata mtu wa kumwambia "ngoja." Swali hilo ninalo mpaka leo, na katika maswali yangu yote ndilo ambalo sijamwuliza mtu.

Tukaruhusiwa. Shaushi alirudi kwenye gogo lake na mstari mweusi wa masizi kwenye paji la uso, mpana kama kidole, na sikumwambia. Kuna ukweli mwingine, mwanangu, ambao mama mwenye watoto watatu haoni haraka ya kuusema.

Hapohapo njiani, mbele ya macho yao, niliwavua mashuke, nikawafuta nyuso kwa upande wa kanga, nikawavisha kanzu. Zilichafuka kabla hatujafika. Mwalimu aliyapokea maji, akayamwaga kwenye kishimo chake safi, akamketisha Tatu mstari wa mbele. Na Shabani, tangu siku ile, hajaruka jimu. Aliikaza kwa sauti kiasi kwamba wapita njia walikuwa wakigeuka.

Nilirudi nyumbani peke yangu, nimejiandaa kusemwa. Bi Zena alikuwa juu ya dungu lake. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kugeuza shingo kutoka kwa ndege wake. Nikangoja aseme "nilikwambia." Hakusema. Akasema, "Wewe una maswali mengi mazuri. Unauliza mamba ana udhu, unauliza samaki. Lakini hukuuliza lile la bure: mtu asiyenijua akiniona hivi, ataona nini? Wewe uliwaona wanao kwa jicho la mama. Njiani hakuna mama yao mwingine."

Nikasema, "Kweli, mama." Si jambo jepesi kwangu.

"Safari nyingine," akaongeza, "maji ya ubao yatie kwenye birika. Sijapata kusikia askari aliyemkamata mtu kwa kuwa na birika."

Na kweli, mwanangu. Tulibeba birika mpaka vita vikaisha, mpaka Wajerumani wenyewe wakaondoka, na hakuna aliyetuuliza kitu.

Basi nikupe yangu, nawe uyapime, maana hata mimi sipendi kumeza bila kutafuna. La kwanza, acha kununa juu ya hizo sare. Wanao hawatakumbuka mwalimu alifundisha nini Jumatatu ya kwanza, watakumbuka mama alivyokuwa akishona huku anawatania. Mwanangu Tatu leo ni bibi mwenye wajukuu, na ule ubao wake uliopinda bado anao, anafunikia mtungi. La pili, uliza kila kitu, hata mimi niulize, ila kabla hujatoka mlangoni jitazame mara moja kwa jicho la mtu asiyekujua, kwa kuwa ndiye utakayekutana naye. Na la tatu ndilo zito. Iko siku bunduki itakuwa mkononi mwako. Si lazima iwe ya risasi. Cheo ni bunduki, hata ufunguo wa ghala ni bunduki. Siku hiyo mtu akisimama mbele yako na maneno yake yamekaa vibaya, usifungue kamba. Sema "ngoja." Mwache afike jimu.

Lete hiyo kaptula niitazame. Umeshona vizuri, ila umeunga mguu na mguu. Mola akupe mikono isiyochoka na wanao masikio yanayosikia. Awapeleke shuleni wakiwa wazima, awarudishe wakiwa wazima, na akutunze wewe kuanzia alifu mpaka ye, bila kuruka hata herufi moja.